Anga la bluu, mwezi uliolala, kivuli kinachopotea na mshumaa: watoto wakiuliza mnawajibuje?

mama_wa_wawili

Habari za jioni wadau. Naomba msaada, majibu yangu yameishia njiani. Watoto ni wa miaka 6, 9 na 11, tupo Dar es Salaam.

La kwanza ni rangi ya anga. Jibu nililokuwa nalo ni kwamba anga linaakisi bahari. Wa miaka 9 akauliza: mbona Dodoma hakuna bahari na anga ni lile lile? Hapo sikuwa na la kusema. La pili, mwezi mchanga kwenye vitabu vyao umesimama kama herufi C iliyogeuzwa, ila wa kwetu umelala kama mtumbwi. Nani kakosea, mchoraji au mwezi? La tatu linatoka kwa mdogo: mchana kivuli chake kinakwenda wapi?

La mwisho ni la shuleni. Mshumaa unawashwa kwenye sahani yenye maji, unafunikwa na gilasi, unazimika, maji yanapanda ndani. Wameambiwa maji yanachukua nafasi ya oksijeni iliyokwisha. Wa miaka 11 anasema hapana, moto ukiwaka unatoa gesi nyingine, sasa hiyo nafasi tupu imetoka wapi?

Nataka majibu ambayo hayatafutwa wakifika sekondari, na majaribio ya vitu vya nyumbani. Maabara sina.

mwl_fizikia

Dada, huyo wa miaka 9 mtunze. Amelichukua jibu lako, akalipeleka Dodoma, likashindwa. Fanya hicho kiwe kipimo chako kwa majibu yote: kuna mahali mtoto anaweza kulipeleka likajaribiwa? "Ukikua utajua" haliwezi kupelekwa popote.

Halafu sikiliza ni "kwa nini" ipi anayouliza. Wa miaka 6 mara nyingi anauliza kazi ya kitu, yaani anga ni la bluu ili iweje. Wa miaka 11 anauliza inakuwaje. Mrudishie swali kwanza, "wewe unaonaje?", kisha ngoja kweli, usimalizie sentensi yake. Atakachosema ndicho kitakachokuonyesha pa kuanzia.

Sasa anga. Mwanga wa jua tunauona mweupe lakini umebeba rangi zote za upinde wa mvua. Ukiingia hewani unakutana na molekuli za naitrojeni na oksijeni, nazo zinautawanya huku na huku. Hazitawanyi rangi zote sawa. Wimbi la bluu lina urefu wa kama nanomita 450, la nyekundu kama 650. Gawa 650 kwa 450 upate karibu 1.44, kisha zidisha 1.44 × 1.44 × 1.44 × 1.44. Unapata zaidi ya 4. Kwa hiyo bluu inatawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu. Kanuni hiyo ya kipeo cha nne ilitolewa mwaka 1871 na Mwingereza John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Rayleigh.

Huyo wa miaka 6 sentensi mbili zinamtosha: "Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake. Hewa inairusharusha bluu kuliko nyingine, ndiyo maana ukitazama upande wowote wa anga bluu inakujia." Usiongeze hapo mpaka aulize tena.

Jaribio lake: gilasi ndefu ya kioo isiyo na nakshi (jagi ni bora zaidi), maji safi, maziwa, simu yenye tochi, chumba chenye giza. Itie simu ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, maana maji yatamwagika tu. Ilaze mezani tochi ikitazama juu, washa, weka gilasi ya maji juu ya taa. Kabla ya maziwa mwanga unapita kimya, ubavuni huoni kitu. Tia tone moja la maziwa, koroga, tazama ubavuni. Tone la pili. La tatu. Ubavu unaanza kuwa na ubluu hafifu kama moshi wa kuni asubuhi. Ukitazama mwanga uliokwisha kupita maji yote, umepungukiwa bluu na unaelekea njano. Hilo ndilo jua la jioni. Likiwa upeoni mwanga wake unapita hewa karibu mara 38 ya ile unayopita likiwa utosini, bluu nyingi inapotea njiani, inayokufikia ni nyekundu na rangi ya chungwa.

Jaribio hili huharibika kwa sababu ya haraka. Kwa lita nzima ya maji nusu kijiko cha chai cha maziwa ni kingi tayari. Ukimimina tu, gilasi yote inakuwa nyeupe na watoto wanaondoka. Ila usiimwage, hayo ni mawingu. Matone ya maji ya wingu ni makubwa mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa, ndiyo maana wingu ni jeupe. Maziwa yaliyotolewa mafuta yanafanya vizuri zaidi kwa sababu hiyo hiyo: chembe za mafuta ni kubwa, za protini ni ndogo, nasi tunazitaka ndogo.

Mpwa au rafiki mkubwa kidogo atakuja na hili: kama wimbi fupi ndilo linalotawanywa zaidi, mbona anga si zambarau, na wimbi la zambarau ni fupi kuliko la bluu? Swali halali kabisa. Jua linatoa zambarau kidogo kuliko bluu, sehemu yake inamezwa juu kabisa angani, na jicho letu halioni zambarau vizuri. Hayo matatu yakikutana, tunaona bluu.

nyota_na_mwezi

Mchoraji hajakosea na mwezi haujakosea. Vitabu vingi vimechorwa na watu wa kaskazini ya mbali.

Upande wa mwezi unaong'aa siku zote umegeukia jua. Mwezi mchanga tunauona magharibi mara baada ya magharibi, jua likiwa limeshazama. Huku karibu na ikweta jua na mwezi vinateremka karibu wima, kwa hiyo jua lililozama liko chini ya mwezi, na sehemu inayong'aa inakuwa chini: mtumbwi. London iko nyuzi 51 kaskazini. Huko jua linazama kimshazari, linakuwa chini kulia kwa mwezi, ndipo mwezi unaonekana umesimama. Miezi mingine hata wetu unainama kidogo kushoto au kulia, kwa sababu njia ya jua na mwezi hailali vilevile mwaka mzima. Waambie mapema, wasije wakadhani jibu limevunjika.

Kulionyesha: balbu moja, chumba cha giza, mpira mdogo mweupe uliochomekwa kwenye kijiti. Weka taa sakafuni, mtoto ashike mpira mbele yake juu ya taa: mtumbwi. Ipandishe taa mezani, kando ya mpira: umesimama. Dakika tatu zinatosha. Kama kuta ni nyeupe sana zinarudisha mwanga na upande wa giza hauonekani giza, basi tundika khanga nyeusi nyuma.

Mpira ukiwa bado mkononi maliza na jambo jingine, kwa sababu litakuja. Taa ikae kwenye usawa wa kichwa, mtoto anyooshe mkono na kujizungusha polepole mahali pale pale. Ataona mwezi mchanga, nusu, mpevu, nusu tena. Watu wengi wazima wanaamini mwezi unapungua kwa sababu ya kivuli cha dunia. Kivuli cha dunia ni kupatwa kwa mwezi, hutokea mara chache. Mtoto akifika mpevu kichwa chake kitaziba taa, atapata kupatwa bila kukusudia. Mwambie ainue mpira juu kidogo ya kichwa. Ndivyo ilivyo kweli, njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli chetu.

Kivuli sasa. Hili ndilo swali tamu kuliko yote kwa mtu wa Dar, kwa sababu mtoto wa Ulaya hawezi kuliona kwake hata siku moja. Kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, kila mahali jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka. Siku hizo, kwa dakika chache, fimbo iliyosimama wima haina kivuli. Kimekwenda wapi? Kiko chini ya nyayo zake. Mwambie aruke, atakiona.

Tarehe zinatofautiana kwa siku moja hivi mwaka hadi mwaka:

Dar es Salaam: 3 au 4 Machi, karibu saa 6:35 mchana, na 10 Oktoba, karibu saa 6:10.
Mombasa: 10 Machi, saa 6:31, na 3 Oktoba, saa 6:10.
Nairobi: 17 Machi, saa 6:41, na 25 au 26 Septemba, saa 6:24.
Kigoma: 7 au 8 Machi, saa 7:12, na 5 Oktoba, saa 6:50.

Angalia Kigoma. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu nyuzi 30. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo peke yake hiyo ni saa nzima. Ndiyo maana anayepima saa sita kamili kwa saa ya ukutani anakosa kila mara, halafu anasema walimu wamemdanganya.

Vipimo: fimbo iliyonyooka ya mita 1, sakafu iliyo sawa (azima pimamaji ya fundi), na timazi ya uzi wenye nati nzito ili fimbo isimame wima kweli. Fimbo ikiinama nyuzi 1 tu unapata kivuli cha sm 1.7 ambacho si cha jua. Anza nusu saa kabla, weka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5. Ukichelewa dakika 20 kivuli kimeshafika karibu sm 9. Ukikosa siku moja si neno, tofauti ni kama sm 0.7, na ukingo wa kivuli wenyewe una ukungu wa karibu sm 1 kwa kuwa jua si nukta, lina upana. Wingu likikupita jaribu kesho yake.

Siku nyingine zote za mwaka wafuatilie kinaelekea wapi. Kutoka Oktoba 10 hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana wa Dar liko kusini, kivuli kinaangukia kaskazini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Kitabu kinachosema "saa sita mchana jua liko kusini" kimeandikwa mbali na hapa.

Kama mna ndugu Nairobi, 10 Oktoba kila upande upime fimbo ya mita 1 kwa wakati wake wa kivuli kifupi kabisa. Dar watapata sifuri, Nairobi karibu sm 9.6 kuelekea kaskazini. Hiyo ni nyuzi 5.5. Umbali wa kaskazini kwenda kusini kati ya miji hiyo kwenye ramani (sio urefu wa barabara) ni kama kilomita 610. Zidisha 610 kwa 360, gawa kwa 5.5: karibu kilomita 40,000, ndio mzunguko wa dunia. Eratosthenes aliyekuwa Aleksandria alifanya hesabu hiyo hiyo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akitumia habari kwamba kule Syene, Aswan ya leo, siku moja ya mwaka jua linafika hadi chini ya kisima. Wa miaka 11 aachiwe hesabu hii yeye mwenyewe.

Onyo moja, na hili halina mjadala: jicho lisitazame jua, wala kwa kioo kilichopakwa masizi, wala kwa filamu ya eksrei, wala kwa miwani ya kawaida ya jua. Tunatazama sakafu.

kalamu_nyekundu

Shukrani nyota, nimenakili tarehe zote.

Ila hilo la mshumaa naona mnalizungusha bure. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Moto unaila, maji yanapanda kujaza nafasi, na ukipima yanapanda karibu moja ya tano ya gilasi. Hesabu inakubali. Mtoto ajibiwe hivyo hivyo kama kitabu kilivyosema, asichanganywe.

mwl_fizikia

Mkuu kalamu, hesabu inakubali kwa bahati, na bahati hiyo inavunjika ukibadilisha idadi ya mishumaa. Huyo wa miaka 11 ameuliza mahali penyewe.

Chukua sahani yenye kina, maji ya sm 1 hivi, tia rangi yoyote ili yaonekane, hata maji ya choya. Mshumaa mfupi ugandishe kwa nta yake mwenyewe katikati. Gilasi ya kioo ndefu. Kabla ya kufunika, kila mtoto aseme maji yatapanda lini: moto ukiwa unawaka, au ukishazimika? Hapo ndipo jibu la kitabu linapojifunga. Kama maji yanajaza nafasi ya oksijeni inayoliwa, lazima yapande polepole muda wote moto unapowaka.

Funika. Moto unawaka, maji karibu hayaendi popote. Unafifia, unazimika, ndipo maji yanapanda kwa kasi ndani ya sekunde chache. Tazama pia ukingo wa gilasi mwanzoni: ukiteremsha taratibu, mara nyingi mapovu yanatoka nje. Hewa iliyopashwa moto imepanuka, nyingine imekimbia. Moto ukizimika hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, na mvuke unaganda kuwa matone kwenye kioo. Shinikizo la ndani linashuka, hewa ya nje inayasukuma maji ndani. Sema "yanasukumwa", usiseme "yananyonywa", litawasaidia mbele.

Jaribio la pili ndilo linalomaliza ubishi. Gilasi ile ile, mishumaa mitatu badala ya mmoja. Oksijeni ndani ni ile ile, haijaongezeka hata kidogo, lakini maji yanapanda juu zaidi. Kilichoongezeka ni joto.

La tatu halina moto kabisa. Suuza gilasi kwa maji ya moto ambayo mkono unayavumilia (yaliyochemka yanapasua kioo), mwaga, igeuze haraka kwenye sahani. Subiri. Maji yanapanda yenyewe, kiasi kidogo, kama sm 1 kwenye gilasi ya sm 15. Hakuna kilichoungua na hakuna oksijeni iliyoliwa.

Na mtoto yuko sahihi kuhusu gesi. Nta ikiungua, kwa kila molekuli 3 za oksijeni zinazotumika zinatoka karibu 2 za kaboni dayoksaidi, pamoja na mvuke ambao unaganda. Tena mshumaa hauimalizi oksijeni, unazimika ikiwa imebaki kama asilimia 16. Kwa hiyo oksijeni iliyotumika ni kama sehemu 5 za hewa katika 100, na pengo halisi baada ya kaboni dayoksaidi kuingia ni kama sehemu 2. Maji yaliyobaki yamepandishwa na kupoa.

Anayetaka kuiona ile moja ya tano kwa haki atumie kutu. Nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu. Zile ngumu zinazong'aa mwaka mzima hazifai, na ndiyo sababu kubwa ya jaribio hili kushindwa. Ziloweke kwenye siki dakika moja kuondoa mafuta, zikung'ute vizuri, zibane chini ya gilasi nyembamba, igeuze kwenye sahani ya maji, weka alama, acha siku mbili. Kutu inaishika oksijeni na kuifanya sehemu ya kitu kigumu, haitoi gesi badala yake, na hakuna joto la kukuchanganya. Maji yanapanda karibu moja ya tano na kusimama hapo. Ongeza maji kwenye sahani yasikauke.

Nywele zifungwe, mikono mirefu ya nguo ikunjwe, mtu mzima ndiye anayewasha kiberiti.

kalamu_nyekundu

Mishumaa mitatu imenimaliza. Nafuta kauli.

mwanapwani

Ongezeni la kwetu Tanga: mtoto anauliza kwa nini maji yakijaa leo saa nne, kesho yanachelewa. Babu yake anamwambia "maji yanafuata mwezi", lakini mwezi wenyewe mchana hauonekani.

nyota_na_mwezi

Babu yuko sawa, amebakiza namba tu. Dunia ikijizungusha mara moja kwa saa 24, mwezi nao umeshasogea mbele kwenye njia yake kama nyuzi 12 au 13. Tanga inahitaji karibu dakika 50 zaidi kuukuta tena. Kwa hiyo yaliyojaa saa 4:00 asubuhi leo, kesho yatajaa kama saa 4:50. Kati ya kujaa na kujaa kunakofuata ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana yanajaa mara mbili.

Mbona mara mbili na mwezi ni mmoja? Mwezi unayavuta maji ya upande wake kwa nguvu zaidi kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na dunia yenyewe unaivuta zaidi ya maji ya upande wa pili. Huku maji yanatangulia, kule yanaachwa nyuma. Vimo viwili, na dunia inazunguka chini yake.

Bamvu, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, mtaliona siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwenye mstari mmoja. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, yanakuja kwenye nusu mwezi. Mpe daftari na saa, aandike saa ya maji kujaa siku 15 mfululizo, na pembeni achore mwezi. Kuonekana mchana hakuhitajiki, ingawa siku nyingi unaonekana mchana, watu hawatazami tu.

Na mkipita Nanyuki mkakuta beseni ambalo maji yake yakitoka chini yanazunguka kulia upande mmoja wa ikweta na kushoto upande wa pili: ni mchezo. Mzunguko wa dunia upo na unazungusha dhoruba kubwa, lakini kwenye beseni nguvu yake ni ndogo mno, anayeamua ni mtu anavyomimina na kugeuza beseni. Mwombeni aliache litulie saa kadhaa halafu azibue taratibu bila kuligusa.

mama_wa_wawili

Asanteni sana. Swali moja: gilasi ya maziwa ubavuni ina ubluu, tumeuona wote. Lakini kwa juu tunapata nyeupe tu, njano haipo. Tumetumia tochi ya simu na gilasi ya kawaida ya maji ya kunywa. Tatizo nini?

mwl_fizikia

Mawili. Taa ya simu ina bluu nyingi na nyekundu kidogo, kwa hiyo inatoa ubluu mzuri wa ubavuni na machweo dhaifu. Na gilasi ya kunywea ni fupi, mwanga haupiti maziwa ya kutosha. Tumia jagi la kioo au chombo chochote chenye ubavu laini kinachokupa sm 25 za maji au zaidi, na kama kuna tochi ya zamani ya balbu yenye uzi, hiyo ndiyo yenyewe.

Msichungulie kwa juu pia, mwanga unawaumiza macho na jicho linazoea haraka, rangi hafifu hawaioni. Watazame doa la mwanga kwenye dari nyeupe. Mmoja atie tone moja, akoroge, mwingine ataje rangi ya doa, wa tatu aandike. Kwa kawaida doa linaanza jeupe, linakuwa njano ya maziwa ya mtindi, halafu rangi ya chungwa lililoiva nusu, halafu linafifia na kupotea kabla halijawa jekundu. Likishapotea mmezidisha maziwa, mwageni nusu, jazeni maji, mrudi nyuma hatua mbili. Koroga na kijiko taratibu, mapovu yakiingia yanatawanya mwanga yenyewe.